Mgeni wa Arobaini na Saba

Wageni wote walikuwa wameshafika. Arobaini na sita, kila mmoja kabeba pacha wake mgongoni, wamejipanga mstari mmoja katikati ya ukumbi, kamba zimekazwa huku na huku, na sherehe haianzi.

"Hoza," Daktari Nakijwa aliniita bila kugeuka. "Wamesimama hivyo tangu asubuhi. Mwanao ana nini?"

"Akifanya vizuri ni mtoto wa Kitalu. Akivurunda ni wangu."

"Njoo uangalie, acha maneno."

Nikaenda. Ukumbi wenyewe ulikuwa seli moja ya koo la Bi Siwema, mgonjwa wetu, kitu ambacho ukikiweka juu ya kucha hukioni, ila hapo ukutani kilikuwa kimekuzwa kikawa kipana kama pazia la sebuleni. Wageni ni kromosomu. Na huyo mwanangu alikuwa kile kidoa cha samawati kilichokuwa kikizungukazunguka pembeni kama mtu anayetafuta waya wa maiki. Hicho ndicho kishereheshaji. Ni mashine, ndogo kuliko hata hao wageni wenyewe, na kila seli inayo moja.

Kitalu chetu kiko Raskazone, Tanga, na usije ukatuletea mbegu za mchicha. Tunaotesha ngozi, vipande vya ini, masikio kwa walioyapoteza. Mimi kabla ya hapo nilikuwa mshereheshaji wa kweli, wa suti na jasho. Daktari alinikuta kwenye harusi moja Chumbageni, nimezuia keki isikatwe kwa sababu shangazi wa bibi harusi alikuwa amesahaulika saluni. Bwana harusi ananikonyeza, wapishi wananitukana, mimi nasema haikatwi. Shangazi akaletwa na bodaboda, nusu kichwa kimesukwa. Baada ya shughuli daktari akanifuata nyuma ya jukwaa. Nikajiweka sawa, nikidhani anataka namba yangu ya simu. Kumbe alitaka subira yangu.

Maana kazi ya kishereheshaji ni hiyo hiyo. Seli ikitaka kujigawa, kila kromosomu inakuwa imeshajinakili, zimegandana mbili mbili kama pacha. Mmoja aende kushoto, mwenzake kulia, ili kila seli mpya ipate arobaini na sita wake, asizidi mtu, asipungue mtu. Kamba zinatoka pande zote mbili kuja kuwakamata, tena kwa kupapasa, kama unavyotafuta kiberiti gizani. Wakati mwingine upande mmoja unawadaka pacha wote wawili. Ukitazama utasema mambo safi, kafungwa huyu, kafungwa na yule. Kipimo ni kuvuta. Waliofungwa pande mbili tofauti, kamba inakaza. Waliofungwa upande mmoja, kamba inalegea, basi kishereheshaji kinaifungua na kuwaambia rudieni. Mpaka wa mwisho akaze. Hapo ndipo kinatoa ruhusa, gundi inayeyuka, pacha wanaagana.

Seli yako wewe unayesoma ina mlinzi wake wa kuzaliwa anayefanya hayo bila mshahara. Lakini seli za Kitalu tunaziharakisha sana, na mlinzi wao anachoka, ndiyo tukaleta vishereheshaji. Na vyenyewe havifundishwi kwa amri. Vinasikiliza. Unavipigia sauti za shughuli zilivyokwenda, tena na tena, mpaka vinaelewa kungoja ni kitu gani. Daktari aliposema toleo hili jipya liongezewe subira, nikaongeza. Harusi zangu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nikachota sauti za shughuli za kiserikali: uzinduzi wa visima, mahafali, fainali za mpira.

"Kamba zote zimekaza," daktari alisema, akigusa ukuta kwa kidole, mgeni mmoja mmoja. "Hakuna iliyolegea. Kinangoja nini?"

"Tukisikilize."

Akafungua sauti. Ishara za kishereheshaji zikatoka kwenye spika kama mvumo wa nyuki, kisha mashine ikazigeuza kuwa lugha, na ndani ya chumba kile cheupe kisicho na vumbi nikasikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba kama ya mbu aliyesoma: *Ndugu wageni waalikwa, tuendelee kuvuta subira. Msafara umeshafika njia panda.*

Nikakaa.

"Msafara wa nani?" daktari akauliza.

"Daktari, usinifukuze kazi kabla sijamaliza sentensi. Kinamsubiri mgeni rasmi."

Akanigeukia. "Mgeni rasmi. Ndani ya seli."

"Hao arobaini na sita kimeshawahesabu kuwa wananchi. Wananchi huwa wanawahi. Sasa kinamngoja wa arobaini na saba, mwenye kiti cha mbele na chupa ya maji."

Daktari Nakijwa ni Mpare, na Mpare hacheki hovyo akiwa kazini. Siku hiyo alishindwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akatazama sahani za kuoteshea zilizopangwa rafuni, seli zote zimesimama wima zikimngoja mheshimiwa ambaye hajaumbwa, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Bi Siwema anakuja saa nane," akasema.

*

Kama hujawahi kumsikia Bi Siwema, mwulize mama yako. Kama mama yako naye hajamsikia, basi ulilelewa vibaya. Ndiye sauti ya taarabu ya Tanga, au alikuwa, mpaka ugonjwa ulipomla nyuzi za sauti kooni akabaki na pumzi tupu. Miaka mitatu sasa anazungumza kwa kisemeo, kidude cha shingoni anachokiandikia kwa kidole, nacho kinamsomea. Sauti zote nzuri zilikuwa za kulipia. Aliyopewa bure ilikuwa ya mwanamume mzito, ile ya kutangazia vifo redioni.

Aliingia na baibui lake la shughuli na udi wa kutosha kufukiza mtaa. Daktari akamweleza yote bila kuficha. Akamwonyesha ukuta. Bi Siwema akaandika, kisemeo kikatangaza kwa majonzi:

"Kwa hiyo huyu mtoto kaniwekea diwani kooni."

"Mbunge, Bi Siwema," nikasema. "Diwani angekuwa ameshafika."

Akanipiga na mkoba. Kisha akaandika tena, haraka. Hadithi yake niliijua, Tanga nzima inaijua, lakini kuisikia kwa sauti ile ni kama kusikia wasifu wa marehemu. Jumamosi, Bi Hadia anaaga jukwaa. Bi Hadia na Bi Siwema wameimbiana vijembe miaka arobaini. Huyu akitoa wimbo Ijumaa, yule anajibu Jumapili. Sauti ya Bi Siwema ilipokatika, Bi Hadia hakunyamaza. Aliendelea kutunga, na mwezi uliopita alitoa hii:

*Wajipamba kwa masizi, ukaita wanja wako,*
*Sufuria hufichuka, likikaribia jiko.*

"Miaka mitatu simjibu," kisemeo kilisema. "Watu wanadhani nimekubali kuwa sufuria. Jumamosi ndiyo mwisho wake. Nipachikeni Alhamisi, Jumamosi nipande jukwaani nimpe ubeti mmoja. Mmoja tu. Baada ya hapo hata nikifa, sauti ya tangazo mnayo."

Daktari akainamisha kichwa. Kupachika nyuzi ni kazi ya asubuhi moja, koo linashika siku ya pili. Tatizo halikuwa hapo. Nyuzi zilikuwa nusu, na seli za kuzimalizia zilikuwa zimesimama kwenye foleni ya heshima.

Bi Siwema akanigeukia. "Wewe. Kwenye shughuli zako, mgeni rasmi asipotokea, unafanyaje?"

"Natangaza kwamba mheshimiwa amepata dharura ya kikazi, ametuma mwakilishi. Watu wanapiga makofi, tunaendelea."

"Basi tangaza."

Nikamtazama daktari. Daktari akanitazama. Nakuapia, wote wawili tulikuwa hatujaliwaza. Vishereheshaji vinaitambua sauti yangu, na mle kwenye sauti za mafunzo wawakilishi walikuwa wamejaa tele. Katika mahafali matatu waziri mwenyewe hufika moja. Kipaza sauti kipo. Sentensi moja tu, na koo la Bi Siwema lingefunguliwa rasmi.

"Tujaribu kwanza sahani moja ya pembeni," daktari akasema polepole. "Tuitenge, hata kama itakufa baadaye, ili zile nyingine zisisikie."

*

Nilikohoa, nikashika kipaza sauti, nikatoa ile sauti yangu ya ukumbini. "Ndugu wageni waalikwa. Mgeni wetu rasmi amepata dharura, hivyo ametuma mwakilishi. Naomba tuendelee na ratiba."

Ukutani, sahani nzima ikachangamka. Sijui nikueleze vipi. Umeona bisi zikianza kupasuka kwenye sufuria? Seli ya kwanza ikagawanyika, ya pili, kisha mia kwa pamoja, pacha wakiachana na kukimbilia kwao, kushoto, kulia, seli inabanwa kiuno, tap, zinakuwa mbili. Bi Siwema akainuka akapiga kigelegele kisicho na sauti, pumzi na ulimi tu. Mimi nikaanza kucheza. Hata daktari mguu wake mmoja ulikuwa unakwenda.

Kisha mguu ule ukasimama.

"Rudisha nyuma picha ya ile seli ya pembeni chini," akasema. "Ikuze."

Tukaikuza. Ilikuwa seli kama nyingine, wageni kwenye mstari, isipokuwa mmoja. Pacha wake wote wawili walikuwa wamekamatwa na kamba za kushoto. Upande wa kulia hakuna aliyemshika. Kamba imelegea, inaning'inia kama suruali ya babu. Kishereheshaji cha seli ile hakikuwa kikimngoja mheshimiwa yeyote. Kilikuwa kimeinama pale pale penye kamba legevu, kinaifungua, kinafanya kazi yake, kinangoja mgeni wa kweli aliyechelewa kweli.

Ndipo sauti yangu ikakifikia. Amepata dharura. Tuendelee.

Kikasimama. Kikaiacha kamba. Kikatoa ruhusa.

Pacha wote wawili wakaburutwa kushoto. Seli ikabanwa kiuno, tap. Ya kulia ikabaki na arobaini na tano. Ya kushoto ikawa na arobaini na saba.

"Haya," daktari akasema. "Mgeni wako wa arobaini na saba huyo. Amefika."

Nikaweka kipaza sauti mezani.

"Itakufa hiyo?" kisemeo kikauliza.

"Nyingi hufa," daktari alisema. "Hesabu ikiharibika seli inashindwa kuishi. Lakini wachache hawafi, Bi Siwema. Wanazoea. Wanagawana vibaya tena na tena, kila kizazi kinazidi kuvurugika, mpaka siku moja anapatikana mmoja asiyejua kusimama. Tunamwita uvimbe."

"Wangapi?"

"Wachache sana. Huenda asiwepo hata mmoja."

"Koo langu hili. Nimekubali."

Daktari akavuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. "Mama yangu, lingekuwa lako peke yako ningekuandikia karatasi, ukatia sahihi, nikalia kidogo, tukaendelea. Ila kipaza sauti ni kimoja. Sahani yako siwezi kuitoa kwenye rafu bila kuiua, na rafu nzima inasikia pamoja. Hapo juu kuna kiganja cha Mama Zubeda wa chapati aliyeungua na mafuta. Pale kuna ini la mtu. Vishereheshaji vikishajifunza kwamba mtu anaweza kutumiwa udhuru na shughuli ikaenda, havisahau. Vitakuwa vinafanya hivyo ndani yao miaka yote."

Bi Siwema aligeuza kiti kunielekea mimi, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye akili: daktari angeweza kukataza mpaka kesho, lakini sauti viliyoitii vishereheshaji ilikuwa yangu. Akaandika taratibu, herufi moja moja.

"Hoza mwanangu. Unajua mtu wa maneno akinyang'anywa maneno anakuwaje? Sokoni naambiwa samaki bei fulani, nikimaliza kuandika matusi muuzaji kashahudumia watu wanne. Nataka kumjibu Hadia akiwa bado jukwaani. Akishuka, nitamjibu nani? Nitakuwa nina sauti mpya, na hakuna wa kugombana naye."

Usiombe kukutana na maneno kama hayo yakisomwa kwa sauti ya msiba. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha rafu nzima. Sikukibonyeza, lakini sikukiondoa pia. Nilijiambia ni wachache sana. Nilijiambia, Hoza, wangapi umewaachia keki ikakatwa bila shangazi zao, na ndoa zipo. Kisha nikamwona Mama Zubeda akigeuza chapati kwa kiganja kipya nilichomfungulia kwa uongo, akinipa na ya bure juu.

Nikautoa mkono nikaukalia.

"Bi Siwema, nimeshindwa. Nipige tena na mkoba."

Hakunipiga. Alikuwa ameugeukia ukuta, ambako daktari alikuwa ameisimamisha picha ya ile seli, kamba yake inaning'inia. Aliitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Mnajuaje kwamba amefungwa sawa?" kisemeo kikauliza.

"Kwa kukaza," daktari akajibu. "Kamba isiyovutwa kutoka pande mbili haikazi."

"Wala haitoi sauti."

"Samahani?"

Sasa kidole chake kilikimbia. "Kanuni. Ala ya nyuzi, nyuzi zaidi ya sabini, unailaza mapajani. Mzee Chambuso akikaa nayo, anagusa wa kwanza, anakaza, anagusa wa pili, anakaza. Fidla zinamfuata, mpiga udi naye anafuata. Uzi mmoja ukilegea tunausikia wote, anarudia. Watu wanangoja. Waziri alikuja siku moja, akangoja kama wenzake, hatukumwangalia hata usoni. Wimbo hauanzi kwa sababu fulani kaja. Unaanza uzi wa mwisho ukikaza."

Daktari Nakijwa alisimama kiti kikaanguka nyuma. "Kungoja bila mgeni rasmi," alisema. "Kungoja uzi! Hoza, tumevifundisha kungoja *mtu*!" Akaanza kuzunguka chumba. Alitaka sauti za kundi zima likikaza ala, mara nyingi, kila aina ya uzi kulegea, kila aina ya kurekebishwa, siku baada ya siku mpaka vishereheshaji vimsahau mheshimiwa. "Kundi lako liko wapi?"

Bi Siwema akaandika, kisemeo kikatangaza: "Lilivunjika nilipokatika sauti. Wapigaji wote wako kwa Hadia. Kanuni iko moja tu Tanga nzima, na iko kwa Hadia."

"Na itachukua muda gani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Jumamosi itapita," daktari akasema kwa upole. "Itapita kabisa."

Kwa hiyo mpango ulikuwa huo: Bi Siwema apoteze ile Jumamosi aliyoisubiri miaka mitatu, na wakati huo huo apige simu kwa mwanamke aliyemwita sufuria, amwombe msaada.

"Afadhali uvimbe," kisemeo kikasema.

Bi Siwema akarekebisha mtandio. Akatazama rafu, kiganja, ini, sahani yake mwenyewe. Akanisukumia simu yake juu ya meza bila kuniangalia.

"Piga wewe. Mimi sauti hii atadhani nimekufa, atafurahi."

*

Bi Hadia hakuja peke yake. Alikuja na kundi zima, magari mawili, dhahabu mkono mzima, na manukato yaliyofanya king'amuzi cha vumbi mlangoni kipige kelele. Alikataa kuvaa koti jeupe mpaka alipopewa jipya lililopigwa pasi. Bi Siwema alikuwa ameketi koridoni, mgongo umenyooka kama nguzo.

"Shoga," Bi Hadia alisema. "Nimeambiwa umekwama."

"Nimeambiwa unaaga," kisemeo kikajibu. "Heri. Watu wamechoka."

"Yarabi, ndiyo sauti gani hiyo! Nilijua una ndevu rohoni, sikujua zimefika shingoni."

Wapigaji wakacheka, mimi nikacheka, nikakanyagwa na daktari. Akamweleza Bi Hadia kila kitu, akamwonyesha na seli ya arobaini na saba. Bi Hadia alisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wote ambao tumewahi kuwatembeza mle ndani. Mwishoni akauliza jambo moja tu, na hakumwuliza daktari.

"Kwa hiyo Jumamosi hutakuwepo."

Bi Siwema akatikisa kichwa.

"Wangekubonyezea kitufe ungekuwepo."

Akakubali kwa kichwa.

"Na umekubali wasikibonyeze, kwa ajili ya muuza chapati."

Hapo Bi Siwema akaandika. "Usinipambe. Nimekubali huku nalia."

Bi Hadia akakaa kwenye benchi, dhahabu zikagongana. Nikaona jinsi alivyozeeka chini ya wanja. "Basi mimi naaga nini?" akasema. "Ile nyimbo ya mwisho beti kumi na mbili, zote nimekutungia wewe. Niimbe kiti chako kitupu? Watu wapige makofi, nirudi nyumbani nikalale? Hata la sufuria lile nililitoa nikidhani utakasirika ufufuke." Akamgeukia Mzee Chambuso, mpiga kanuni, kizee chembamba kilichokuwa kikijaribu kusoma maandishi ya kizima moto. "Ukumbi umelipwa?"

"Umelipwa."

"Waambie wapigie muziki wa harusi. Mimi siagi mpaka huyu anitukane."

Basi Kitalu kikawa ukumbi. Ala haziruhusiwi kuingia chumba safi, kwa hiyo walikaa koridoni juu ya mikeka, na waya wa kipaza sauti ukapitishwa chini ya mlango. Asubuhi mpaka alasiri, kukaza nyuzi. Mzee Chambuso akimaliza kuzikaza zote, daktari anachungulia: "Legeza mmoja, babu, usituambie upi." Analegeza. Wanaanza, wanasikia, wanasimama, wanautafuta, wanarudia. Wimbo wenyewe haukuimbwa hata siku moja, maana somo lilikuwa kungoja, na Bi Hadia, ambaye hajawahi kungoja kitu maishani, alikaa kati yao kafungua mdomo, na kila akivuta pumzi uzi unalegezwa.

"Nyie watoto wa kooni!" akafoka siku moja kwenye kipaza sauti, kabla sijamuwahi. "Mna adabu nyingi, laiti na mama yenu angekuwa nazo!"

Daktari alikasirika, akidhani mafunzo yameharibika. Hayakuharibika. Nilikuwa nasikiliza spika ya upande wa pili, na humo sauti yangu ya mbu ilikuwa inapungua. *Msafara umeshafika njia...* Siku iliyofuata, *msafara...* Kisha hakuna msafara, ni mvumo tu, wa juu na wa chini, ukitafuta mahali pake kama fidla kabla ya ngoma. Niliona wivu kidogo. Si kila siku mtu anafutwa kazi na ala ya muziki.

Siku jambo lenyewe lilipotokea tulikuwa tunakula. Daktari ndiye aliyeona ukutani, akashindwa kusema, akawa anapunga kijiko. Seli ya kwanza ilikuwa imegawanyika yenyewe, kimya kimya, arobaini na sita huku, arobaini na sita huku. Jirani yake bado imesimama. Tukaikuza: mgeni mmoja, kamba legevu. Kishereheshaji kimeinama juu yake. Kinafungua. Kamba inapapasa, inakosa, inapapasa, inadaka upande wa pili, inakaza. Na hapo, siyo kabla, ruhusa.

Koridoni watu walikuwa wamebanana kwenye kioo cha mlango. Mzee Chambuso aliuliza kama hiyo ndiyo seli, nikamwambia ndiyo. Akasema mbona imekaza vizuri.

*

Nyuzi zilipachikwa. Koo likashika. Daktari Nakijwa alitoa masharti kwa kidole cha mwalimu: neno moja, kwa sauti ya chini, kisha kimya mpaka wiki ijayo. Neno la pili lingeweza kuchana kila kitu, na yeye hana nyuzi nyingine mfukoni.

Tulijazana chumbani. Tulishapigia kura kimoyomoyo neno gani litakuwa la kwanza. Mimi nilikuwa na matusi matatu niliyoyapa nafasi nzuri. Bi Hadia alisimama miguuni pa kitanda, mikono kiunoni, tayari kupokea.

Bi Siwema akavua kisemeo akakiweka pembeni. Akafungua mdomo. Kwanza ilitoka pumzi, halafu kitu kama mlango wenye kutu, halafu:

"Hadia."

Hakuna aliyecheka. Bi Hadia mikono ilimwanguka kutoka kiunoni. Wanja ukaanza kumtiririka, masikini, na ulikuwa wanja wa bei.

"Sema tena," akasema. "Sijasikia."

"Neno moja!" daktari akapiga kelele. "Nimesema moja!"

"Daktari, nakuheshimu, lakini hilo si neno, ni jina, na ni langu. Sema tena, shoga."

Bi Siwema akamtazama daktari. Daktari akatazama dari, kama mtu aliyesikia mvua. Nami kwa uzoefu wangu wa ukumbini nikajua kwamba huko ndiko kutoa ruhusa.

Akasema tena. Safari hii jina lilitoka na mkia, ule mkia wake wa kuvutavuta uliowafanya watu wa Tanga watupe pesa jukwaani kabla sijazaliwa. Mkia mfupi, wa kwaruzo, unayumba. Bi Hadia akaudaka kwa upande wake, chini chini, akaushika usianguke. Na nje koridoni, bila kuambiwa na mtu, Mzee Chambuso akaanza kuutafutia nyuzi.